Marehemu wa Safu ya Tatu

Nilimuua dada yangu kwa aya moja.

Walionifuata tangu mwanzo wanajua nilivyofukuzwa kazi ya kufundisha chuoni kwa kumsahihisha mkuu wa idara mbele ya wageni wake, na jinsi dada yangu mkubwa, ambaye ni dobi, alivyonifungulia chumba cha uani bila kuniuliza nitakaa siku ngapi. Wanajua pia kwamba nilipata kazi katika mradi wa vijana wa mtaani kwetu, na kwamba nilifurahi. Asiyeyajua hayo amekwisha kuyajua.

Kazi yangu ilikuwa kuandika visa vya vijana.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri. Nasema hivyo hata leo, baada ya yote. Katika karakana nyuma ya ukumbi wa jamii, vijana kumi na mmoja walikuwa wakifundishwa kuchomelea vyuma: malango, madirisha, vitanda, viti vya magurudumu vya wagonjwa. Mmoja wao alikuwa binti wa dada yangu. Wenzake walimwita Cheche, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na baba yake.

Mratibu wa mradi alikuwa na kanuni yake ya uandishi.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "kisa kina vitu viwili tu: shimo na kamba. Kamba ni sisi. Wewe nichimbie shimo."

"Na kijana ambaye hakutoka shimoni?"

"Kila mtu ana shimo. Wengine hawajachimbiwa tu."

Nilicheka. Mtu akishakicheka kitu mara moja, mara ya pili hukifanya.

Siku ya maonyesho ilikuwa na utaratibu wake. Kijana hupanda jukwaani na kusimama kimya, mshereheshaji husoma kisa chake kutoka kwenye kijitabu, watu hupiga makofi, kijana hushuka. Vijana hawakuonyeshwa visa vyao kabla, na wazazi hawakualikwa kabisa. "Mzazi huharibu kisa," alisema Mratibu, nami nikalipokea neno hilo kana kwamba ni nadharia.

Mwaka huu kiwanda kimoja cha vyuma kilikuwa kimetoa nafasi moja ya mafunzo ya miaka miwili. Anayeingia hutoka fundi kamili, mwenye cheti kinachotambulika popote. Sharti lilikuwa moja: nafasi ni ya yatima, aliyefiwa na baba na mama.

Cheche alikuwa na mkono bora kuliko wenzake wote. Huo si upendeleo wa mjomba. Ni kauli ya fundi mkuu, ambaye hamsifu mtu bure. Baba yake alifariki Cheche akiwa na miaka minane. Alikuwa na upungufu mmoja tu: mama yake alikuwa mzima wa afya.

Upungufu huo niliuondoa asubuhi moja. Niliandika kwamba mama aliugua mwezi mzima, akafa akiwa ameshika mkono wa bintiye. Niliirudia sentensi ile mara tatu, nikiutafutia mkono kivumishi.

Nilijiambia kwamba hakuna atakayeumia. Dada hatakuwapo. Binti atapata nafasi, kisha nitamweleza taratibu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami siombi kupewa.

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni mwa ukumbi, nikigawa vijitabu vilivyotoka kwa mchapaji vikiwa bado vinanuka wino. Nikanyoosha mkono kumpa mgeni aliyefuata.

Alikuwa Dada, katika gauni lake la kijani la harusi za watu.

"Dada! Umefuata nini?"

"Salamu kwanza, Profesa."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimeleta vitambaa vya meza. Hiyo meza kuu unadhani imevaa nini? Nimevipiga pasi tangu alfajiri."

"Ahsante sana. Sasa nenda ukapumzike."

"Nipumzike, na mwanangu yuko jukwaani?"

"Umeacha pasi nyumbani."

"Pasi yangu ni ya mkaa. Ikichoka inazima yenyewe, haisumbui watu mlangoni."

"Wazazi hawakualikwa, Dada."

"Nani kakwambia nimekuja kama mzazi? Nimekuja kama dobi. Nipishe."

Akaninyang'anya kijitabu, akajipepea nacho hadi safu ya tatu, akaketi kando ya mama mmoja mwenye miwani.

Nilimkimbilia Mratibu.

"Mama yake Cheche yumo ukumbini."

"Yupi? Si amekufa?"

"Nimeandika kwamba amekufa."

Kisha akatazama safu ya tatu, akatazama meza kuu alikoketi mgeni rasmi, mwanamke mwenye nywele za mvi kutoka kile kiwanda.

"Basi hayumo," akasema. "Marehemu hahudhurii sherehe. Funga mdomo, Mwalimu."

Nikaufunga.

Cheche alipanda wa nne. Alivaa ovaroli, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Mshereheshaji akaanza. Penye kifo cha baba, binti aliinamisha kichwa, maana hapo palikuwa pa kweli. Ilipofika zamu ya mama, aliinua kichwa taratibu kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua.

Mshereheshaji alikuwa hodari. Penye ule mkono, sauti yake ilitetemeka.

Mgeni rasmi akavua miwani, akafuta macho. "Kabla hatujaendelea," akasema, "naomba tusimame dakika moja tumkumbuke mama huyu."

Ukumbi mzima ukasimama.

Dada naye akasimama. Ni mtu wa adabu. Hajawahi kukalia kiti penye msiba wa watu. Akafumbata mikono, akamnong'oneza jirani yake. Kwa ule ukimya, hata mimi wa ukutani nilisikia.

"Nani kafa?"

"Mama wa yule binti, maskini. Kaugua mwezi mzima."

"Binti yupi?"

"Huyo wa jukwaani. Shh."

"Mama!" Cheche alipiga kelele. "Mama, wewe kaa! Mtu hasimamii msiba wake mwenyewe!"

Mshereheshaji aliruka kwenye kipaza sauti. "Binti yetu amezidiwa na majonzi. Mpeni maji."

"Maji ya nini? Mama yangu yule pale, wa gauni la kijani. Hicho kitambaa mlichoegemea kafua yeye."

Vichwa mia mbili vikageuka. Dada hakumwangalia mtu. Alifungua kile kijitabu alichokuwa akijipepea nacho, akatafuta ukurasa, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipomaliza hakutazama jukwaani. Alinitazama mimi.

Aliyenifundisha kusoma ni yeye. Sentensi zangu anazijua kama anavyozijua kola za mashati yangu.

"Mama," mgeni rasmi akauliza kwa upole, "binti huyu ni wako?"

Dada akajibu swali kwa swali. "Hiyo nafasi ya kiwandani, lazima mtoto awe hana mama?"

"Ndilo sharti letu la mwaka huu."

Niliona akipima. Ni mtu anayejua kitambaa kipi kinavumilia maji ya moto na kipi hakivumilii.

"Basi mimi ni mama yake mdogo," akasema. "Mama mtu alikufa, kama ilivyoandikwa. Watoto wa siku hizi humwita kila mtu mama. Endeleeni na shughuli, samahanini."

Akaketi.

Ukumbi ulishusha pumzi. Mratibu alinikonyeza. Uongo wangu ulikuwa umeokolewa, na aliyeuokoa ni maiti mwenyewe. Ilinibidi kunyamaza tu, na nakiri mbele yenu kwamba kwa pumzi tatu nilinyamaza.

Cheche hakunyamaza.

"Usinifie, Mama."

"Mwanangu, shuka, usiharibu..."

"Sikukuomba unifie! Wala Mjomba sikumwomba akuue!" Akamgeukia mgeni rasmi. Hakuwa akilia; laiti angelia, ingekuwa nafuu kwetu. "Mheshimiwa, nikuulize kwa heshima. Mnatafuta yatima au mnatafuta mchomeleaji?"

"Binti, sharti..."

"Kama ni yatima, mtaani wapo. Nendeni mkawaulize nani kati yao anapenda moto. Kama ni mchomeleaji, nileteeni chuma. Nafasi ya juu ya kaburi la mama yangu siitaki, hata mkinipa na nyumba juu yake."

Yule jirani wa Dada mwenye miwani alipiga kofi moja, akashtuka, akaacha.

Hapo ndipo miguu yangu ilipokumbuka kazi yake. Nilitembea hadi mbele ya meza kuu.

"Kisa hicho nimeandika mimi," nikasema. "Mama huyu ni dada yangu, tumbo moja. Binti hakujua. Na si hicho peke yake. Visa vyote kumi na kimoja nimevipamba, na vingine nimevitunga kuanzia neno la kwanza."

"Ndiyo!" sauti ikatoka kwenye foleni ya vijana. "Mimi sijawahi kulala kituo cha basi hata siku moja!"

"Na mimi nani kawaambia nilikuwa mwizi? Mama yangu akisoma hapa, atanipokea kwa mwiko!"

Mratibu alinishika kiwiko. "Mwalimu, unatuzika."

"Nimeanza kuzoea," nikamwambia.

Mgeni rasmi aligonga meza kwa kiganja. Nilitegemea akusanye karatasi zake na kuondoka, na karakana ifungwe pamoja na moto wake wote. Badala yake alimwita fundi mkuu.

"Ana mkono kweli, au hilo nalo limeandikwa?"

"Mama," akajibu fundi mkuu, "mimi hata kuandika sijui vizuri. Twende ukaone."

Tulijazana mlangoni mwa karakana. Fundi mkuu alitoa vipande viwili vya chuma bapa, akavitupa mezani bila neno. Cheche akashusha miwani. Moto ukawaka, tukageuza nyuso, isipokuwa Dada aliyejifinika macho kwa kile kijitabu na kuchungulia pembeni.

Chuma kilipopoa, fundi alikibana kwenye jiliwa, akachukua nyundo nzito. Akapiga. Akapiga tena. Pigo la tatu chuma chenyewe kilipinda kama kijiko. Kiungo hakikuachia.

"Umeona," akasema fundi, na kwake hiyo ni hotuba ndefu.

Mgeni rasmi akakigusa kile kiungo kwa ukucha. "Sharti niliweka mimi," akasema, "na mimi nalitoa. Nilidhani ninamtafuta mwenye shida zaidi. Kumbe nilikuwa ninawafundisha watu kuua jamaa zao." Akatoa fomu kwenye mkoba. "Binti, nafasi ni yako. Yatima angesainiwa na mradi. Wewe unasainiwa na mzazi. Fomu iwe mezani kwangu Ijumaa saa sita mchana. Ikikosekana, nafasi inakwenda mtaa mwingine. Hilo siwezi kulisogeza."

Cheche alimkimbilia mama yake, fomu mkono huu, kalamu mkono ule, uso mzima ukicheka.

"Saini hapa, Mama."

Dada aliitazama kalamu.

"Sisaini."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mama!"

"Nilikuwa tayari kufa, wewe ukakataa. Vizuri. Nimekuelewa, na nimejivunia. Lakini kama ni kuwa hai, basi niwe hai kabisa, si kwenye fomu ya kiwanda peke yake. Watu mia mbili wamenisimamia dakika nzima. Kila mmoja anaondoka na kile kijitabu. Kesho nikipeleka nguo za watu, nitaulizwa nimefufuka lini."

"Dada," nikasema, "nitakuomba radhi hadharani."

"Radhi utaniomba jikoni, na utaiomba ukiwa unasugua masufuria. Hadharani utaandika. Visa vyote kumi na kimoja, upya. Utakwenda nyumba kwa nyumba, utamkalisha kila mzazi kwenye kiti chake, yeye akuambie wewe, si wewe umwambie yeye. Ukimaliza uniletee. Nikisoma nikaona ni watu, nitasaini."

"Lakini ni Ijumaa, Mama! Siku tatu!"

"Mjomba wako kaniua asubuhi moja. Hashindwi kutufufua wote kwa siku tatu."

Akakunja kijitabu, akakitia kwapani, akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye nguo kambani na mawingu juu.

Mratibu alikuwa amesikia kila kitu. "Ukibisha hodi hata nyumba moja," akaniambia, "huna kazi. Na orodha ya anwani huipati."

"Bwana Mratibu, nimeshafukuzwa na watu wenye majoho. Wewe huna hata joho."

"Nakwambia utajuta."

"Hilo nimeanza zamani. Sasa nataka kufanya kingine."

Orodha sikuihitaji. Cheche aliwajua wenzake wote kwa nyumba zao, na alikwisha kuvua ovaroli. "Twende, Mjomba," akasema bila kunitazama. "Sijakusamehe. Lakini twende."

Tulianza na iliyo karibu zaidi, nyumba ya kijana ambaye karakana nzima humwita Mpole. Kisa chake kilikuwa miongoni mwa vile nilivyovitunga vizima. Sikumuuliza neno hata moja. Nilikuwa mezani na chai yangu, nikahitaji shimo, nikaandika kwamba baba yake alikuwa akimcharaza kila Jumapili kwa mkanda wenye kifungo cha shaba. Jumapili niliichagua kwa sababu sentensi ilihitaji siku. Shaba niliipenda kwa mlio wake.

Njiani niliipanga hotuba yangu ya kujieleza. Ilikuwa fupi na, nadhani, nzuri.

Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha. Aliyefungua alikuwa mwanamume mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Kijitabu kilikuwa mkononi mwake, kidole kikiwa ndani ya ukurasa. Mpole, nadhani, alikuwa amefika nacho dakika chache tu kabla yetu. Alikuwa amesimama nyuma kabisa ya chumba, bado na ovaroli.

"Ni wewe uliyeandika hapa?"

"Ni mimi, baba. Nimekuja kukifuta kisa hicho. Nilikibuni chote, na ninakuomba..."

"Ingieni."

Tukaingia. Akafunga mlango, akatia komeo.

"Usinidanganye, mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Umebuni? Umebuni mkanda? Umebuni na Jumapili?" Akaelekeza kijitabu mlangoni. "Mambo hayo ni ya ndani ya nyumba hii. Hayajavuka kizingiti hicho hata siku moja. Nataka jina. Nani alikuambia?"

Hotuba yangu ilinitoka kichwani neno kwa neno.

Nyuma ya mabega yake, Mpole alikuwa akinitikisia kichwa: hapana, hapana, hapana.

Ningeweza kusema tena kwamba nilibuni. Ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli pekee iliyonibakia. Lakini nikiisema vizuri, ikaaminiwa, mlango huu ungefungwa nyuma yetu na Jumapili ingefika kama kawaida. Nilihisi kiwiko cha Cheche kwenye mbavu zangu. Hakikuwa kinanivuta nyuma.

Nikavuta kiti kilichokuwa mbele ya meza, kile chenye mto, ambacho bila shaka kilikuwa chake. Nikakigeuza kimwelekee. Nikafungua daftari kwenye ukurasa mtupu.

"Keti kwenye kiti chako, baba," nikasema. "Safari hii sichimbi mimi. Utaniambia wewe, na mwanao akisikia."

Hakuketi.